Kifaru na Mashimo Saba ya Mwangati

– Jamani, nifungue?
– Fungua!
– Nikifungua kitatoka nini?
– Kisa!
– Cha kweli au cha uongo?
– Cha uongo, ila kinukie ukweli!
– Basi sogeeni, na wa nyuma wasisukume.

Hapo kale palikuwa na bonde liitwalo Mwangati, na katikati ya bonde palikuwa na chemchemi. Si chemchemi ya kutajwa tu ukapita. Maji yake yalikuwa baridi ya kuuma meno, na ukiyanywa yanakuachia mdomoni ladha ya mawe yaliyonyeshewa. Mama Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miba anayejikunja akawa kama mpira, alizaliwa hatua ishirini kutoka hapo. Hapo alinawishwa uso siku aliyofumbua macho. Hapo bibi yake aliloweka uwele wa togwa. Hapo alichumbiwa pia, maana marehemu mumewe alijifanya amepotea njia ya kwenda majini, na hali amekulia bonde hilo hilo! Jioni vyura wakianza, huku kwaa, kule kwii, hakuna mzazi aliyepoteza sauti kuita watoto. Walijua wenyewe ni saa ya kurudi.

Enzi hizo, jamani. Enzi hizo.

Akaja Kifaru.

Kifaru alikuwa na tumbo kubwa, na pembe yake ilikuwa na njaa kuliko tumbo. Akanusa ardhi, fff! fff! Akasema, "Chini hapa kuna mafuta."

Akachimba, du! du! du! Mafuta yakatoka, bwa! bwa! bwa! Akachota, akauza, akala, akanenepa. Mafuta yakapungua. Akaliacha shimo wazi, akasogea mbele.

Akachimba la pili, du! du! du! Mafuta yakatoka, bwa! bwa! bwa! Akachota, akauza, akala, akanenepa. Mafuta yakapungua. Akaliacha shimo wazi, akasogea mbele.

La tatu vivyo hivyo. La nne, la tano na la sita vivyo hivyo. La saba alilichimba juu kidogo ya chemchemi. Aliambiwa. Akajibu, "Chemchemi ni ya nani? Ina karatasi?"

Na tusidanganyane: wanyama wote walinunua. Walinunua ya taa, walinunua ya kujipaka nzi wasiwaume. Mama Kalunguyeye mwenyewe alikuwa na kitaa chake, kizuri, cha kibuyu. Lakini kununua mafuta ni jambo moja, na kuachiwa shimo ni jambo jingine.

Mashimo saba yakabaki yameachama. Yakatoa hewa, bwi, bwi, bwi, inayonuka mayai viza. Mafuta yaliyosalia yakapanda polepole, yakapenya udongo, yakafika majini. Chemchemi ikaota ngozi yenye rangi za upinde wa mvua, nzuri kwa macho, mbaya kwa tumbo. Watoto wa Bi Chura wakazaliwa wamevimba macho. Kwaa ikanyamaza. Kwii ikanyamaza.

Sasa mtaniuliza, Pori halikuwa na sheria? Lilikuwa nayo! Sheria ilisema aliyechimba shimo alizibe mwenyewe. Palikuwa na mkaguzi pia, Korongo, mwenye shingo ndefu na kitabu kirefu kuliko shingo. Kila mwaka Korongo alikuja Mwangati, akasimama kwa mguu mmoja kando ya shimo, akauliza:

"Bwana Kifaru, shimo hili limekufa au limelala?"

"Limelala, Mheshimiwa."

"Litaamka lini?"

"Litaamka."

Korongo akaandika: limelala. Maana sheria ilisema shimo lililokufa lizibwe, lakini shimo lililolala lisisumbuliwe. Nani aliitia ile sentensi ya pili? Hajulikani. Ila siku ilipotiwa, Kifaru alichinja na akapika pilau.

"Mheshimiwa Mkaguzi," alisema Mama Kalunguyeye mwaka wa tano, "kitu gani hulala miaka mitano huku kinanuka?"

"Mama, mimi naandika ninachoambiwa."

"Si alipoanza kuchimba aliweka dhamana kwenu? Itumieni mzibe."

Korongo akakohoa. "Dhamana ilikuwa mganda mmoja wa majani. Umekaukia ofisini."

Mwaka ule mawingu ya masika yalikuwa mazito, meusi, yameinama. Kila aliyetazama shimo la saba alijua. Mvua kubwa ikiingia mle, mafuta yatafurika yote, yatateremka, na chemchemi itakuwa imekwisha. Bi Chura alikuwa ameshafunga mizigo.

"Shoga, mimi naondoka," alisema. "Wanangu wawili nimeshawazika. Wa tatu simsubirishi."

"Nipe siku kumi, Bi Chura."

"Siku kumi za kufanya nini? Na hivyo vimikono vyako?"

Bi Chura akajitwika mizigo, akaondoka. Mama Kalunguyeye alikwenda kwenye Baraza la Pori, akasema, akasema, akasema. Wakamwambia akae, akakaa huku anasema. Mwishowe Baraza, kwa kuchoka tu, likaamua: mashimo yote saba yazibwe kabla ya masika, yawe yamekufa au yamelala. Asiyeziba mashimo yake afukuzwe bondeni.

Wanyama wakashangilia. Kifaru akasimama, akacheka, he! he! he!

"Mheshimiwa Mkaguzi, uamuzi mzuri sana. Tatizo mashimo si yangu. Leo asubuhi nimeyatoa zawadi. Nimempa huyu mama, si anayapenda sana? Kila siku mashimo, mashimo! Andika."

Na Korongo akaandika: mmiliki, Kalunguyeye.

Barazani mmoja akacheka, wote wakacheka. Yule kitufe cha miba ana mashimo saba! Mkono wake ukichota udongo unajaa kijiko. Akiziba kwa mkono ule, la kwanza halijaisha atakuwa amezeeka. Asipoziba, anafukuzwa kwenye bonde alilozaliwa, na alichochimba maishani mwake ni kitundu cha kulala.

Alirudi nyumbani polepole. Akapita pale bibi yake alipoloweka uwele. Lile jiwe lilikuwepo bado, limebonyea katikati kwa kukaliwa na chungu miaka na miaka, na ndani ya bonyeo mna mafuta meusi. Akaliangalia. Akamkumbuka bibi akimpiga kikofi cha mkono, pa! "Usifunue, we mtoto! Ukifunua haiumuki!" Pua ikamwasha kwa machozi, halafu akacheka peke yake.

Asubuhi akatoka na kijiti cha kuchezea ngoma, akaenda shimo la kwanza. Akabandika kidonge cha udongo ukingoni, pa! Akatega sikio. Akacheza kidogo. Akabandika kingine, pa! Akatega sikio. Akacheza zaidi.

Kifaru akapita kumcheka. "Ehee, tajiri! Umefika wapi?"

"Nashukuru Mungu, Bwana Kifaru. Na wewe nakushukuru. Mkono uliotoa zawadi hii usipungukiwe."

Kifaru hakutarajia shukrani. Akaondoka. Hatua tatu akarudi. "Unacheza nini?"

"Hamna kitu, Bwana."

Akaondoka. Hatua mbili akarudi. "Sikio unategea nini?"

"Hamna kitu, Bwana. Mambo ya wanawake, ya jikoni."

Hapo Kifaru akakaa kitako. "Jikoni kuna nini na shimo langu?"

"Shimo *langu*, Bwana. Si ulinipa? Haya, nitakwambia kwa sababu wewe ni mfadhili wangu, ila usimwambie mtu. Umewahi kuona chungu cha togwa?"

"Nimewahi kukimaliza."

"Ukikiacha wazi kinakuwaje?"

"Kinapooza."

"Na ukikifunika vizuri?"

"Kinaumuka, kinasukuma kifuniko."

Mama Kalunguyeye akabandika kidonge cha udongo, pa! Akatega sikio, akatabasamu.

Kifaru alitazama shimo. Akatazama hewa inayotoka, bwi, bwi, bwi. Kwa mara ya kwanza maishani ule uvundo ulimuuma rohoni: kumbe ni mafuta yake yanapooza! Miaka mitano yanapooza! Akainuka mbio, vumbi tifu! Akamkuta Korongo barazani, amesimama kwa mguu mmoja.

"Andika! Mashimo yote saba ni ya Kifaru!"

"Lakini jana ulisema..."

"Jana nilikuwa na homa! Andika: ya Kifaru, aliyachimba kwa pembe yake, ni yake na ya wajukuu wake, milele!"

Mama Kalunguyeye akafika anahema, akajibwaga chini. "Bwana Kifaru, huruma! Zawadi hairudishwi! Niachie hata moja, lile la saba tu!"

"La saba hasa ndilo langu! Mheshimiwa, liandike mara mbili!"

Korongo akaandika mara mbili. Baraza zima likashuhudia.

Basi Kifaru akaanza kazi. Akabeba mawe, akatupa ndani, gudum! gudum! Akabeba udongo wa mfinyanzi, akashindilia, pu! pu! pu! Korongo akaja, akaangalia kutoka mbali. "Hongera. Hata ungeweka majani juu, mimi ningeandika limezibwa."

"Majani?" akaguna Mama Kalunguyeye. Alikuwa amejikunja pembeni, analia bila machozi. "Bibi yangu angekuwa hai angekucheka. Chungu kinafunikwa kwa majani? Pumzi inatoka yote. Mimi ningeanzia chini kabisa, nishindilie mpaka juu. Lakini shimo si langu tena, nisiseme."

Kifaru akayatoa mawe yote. Akaanzia chini kabisa, akashindilia mpaka juu, pu! pu! pu!

"Bado linanuka kidogo," akasema Mama Kalunguyeye.

Akaongeza udongo. Pu! pu! pu!

"Sasa?"

"Kidogo tu. Si kitu. Yatapotea mafuta ya kama kibuyu kimoja kwa siku."

"Kibuyu kimoja!" Akaongeza mawe, akaongeza udongo, akalikanyaga kwa miguu yote minne.

La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. La nne, la tano na la sita vivyo hivyo. La saba alilishindilia huku tone la kwanza la masika linampiga mgongoni, na Mama Kalunguyeye, aliyekuwa akiyatazama mawingu tangu alfajiri, akaona ule udongo umekaza, maji yanaupita juu yanateremka meupe. Akajikunja, akalala papo hapo kwenye matope, siku mbili.

Masika ya kwanza chemchemi ilikuwa bado na ile ngozi. Masika ya pili ikawa na mabaka. Masika ya tatu Mama Kalunguyeye aliinama, akanywa, na meno yakamuuma. Alikaa pale analia, machozi ya kweli safari hii.

Msinidhanie nitasema yote yalirudi. Konokono wale wa rangi ya asali hawakurudi. Bi Chura alirudi, ila na wajukuu waliozaliwa ugenini. Iliwabidi waonyeshwe njia ya majini, na uimbaji wao ni mwingine, wa huko walikotoka. Mama Kalunguyeye huwasikiliza jioni. Wanaimba vizuri tu. Lakini watoto wa bondeni bado wanahitaji kuitwa ndipo warudi.

Na Kifaru? Kifaru amekaa juu ya shimo la saba mpaka leo. Hachimbi tena, ataondokaje na utajiri unaumuka? Mtu akipitisha hata jembe karibu, anamkimbiza mpaka ng'ambo ya mlima. Pori zima halijapata mlinzi kama yule, na hajadai mshahara. Kila masika yakiisha humwita.

"Mama Kalunguyeye! Hebu tega sikio. Nifungue?"

Anatega sikio, taratibu, kama mganga. "Fungua tu, Bwana. Yamejaa. Ila ukisubiri mwakani yatakuwa mara mbili."

Kifaru anafikiri. Anameza mate. Anajiweka sawa juu ya udongo.

"Basi mwakani."

Mwaka ule ule mashimo yalipozibwa, Korongo alipewa nishani, kwa usimamizi thabiti wa mashimo. Hotuba yake ilikuwa ndefu.

– Kisa kimekatika hapo.
– Kimekatika!
– Aliyesinzia?
– Shauri yake!
– Aliyesikia?
– Akamhadithie asiyekuwepo!

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: ukiwa mdogo usipige kelele barazani. Tulia. Sheria inatosha, mkaguzi yuko macho, na mkubwa akichafua maji yako atakuja kuyasafisha mwenyewe, kwa wema wa moyo wake.