Gundi ya Mlangoni

Haya, kaeni mnisikilize. Nikisema mzinga, nyie semeni una wenyewe. Mzinga!

Una wenyewe.

Zamani, zamani sana, Nungunungu aliishi na mama yake. Mama alikuwa kibogoyo, hana hata jino moja. Nungunungu ndiye aliyemtafunia mihogo. Anatafuna yeye, ndio mama anakula.

Siku moja ufizi wa Nungunungu ukavimba, jino likamuuma. Akiuma muhogo, machozi. Akiuma tena, machozi.

"Mwanangu, leo tunalala njaa?" mama akauliza.

Nungunungu akauweka muhogo chini, akainuka.

Akaenda mzingani kwa Nyuki. Nyuki akasema, "Pole, kaka. Hapa mlangoni pana gundi yetu nyeusi. Bandua kidogo, tafuna, tema. Asubuhi tatu. Ila asali usiguse, jino hilo litakutesa."

Asubuhi ya kwanza akabandua gundi. Chungu kama shubiri. Akatafuna, maumivu yakapoa. Akalamba na asali, ya kutoa uchungu tu. Jioni jino likawaka moto.

Asubuhi ya pili, gundi, na asali. Jino likawaka tena.

"Gundi gani hii, haina kazi," akanung'unika, mdomo mtamu. Mama huko nyumbani anashindia maji.

Asubuhi ya tatu akabandua pande zima. Mlangoni pakabaki ufa. Siafu hao, msururu, wanaingia.

"Umetubomolea," Nyuki akasema. "Hiyo gundi ndiyo ukuta wetu. Wanetu wamo ndani."

Nungunungu akaitazama gundi mkononi. Akawaza tumbo la mama. Akawaza watoto wa nyuki. Kisha akairudisha kwenye ufa, akaikandamiza, akakaa pale miiba imesimama, anapangua siafu mpaka jua likazama. Asali ikamchuruzikia puani. Hakulamba.

Nyuki wakaleta utomvu wa miti, wakaziba vizuri. Wakampa gundi kidogo, na sega moja.

"Hili la mama. Yeye hana jino la kuuma."

Akatafuna asubuhi tatu, akatema, asali akamwachia mama. Siku ya nne mama akala muhogo.

Ndiyo hivyo. Ukipewa dawa, ifuate ulivyoambiwa, na aliyekupa mwachie ukuta wake. Mzinga!

Una wenyewe.

Nami nimeufunika. Ila wewe, jino linawaka, mama ana njaa, asali iko puani: ungefanyaje?