Nyumba Aliyoikataa Lubaba

Wamesimulia wema waliotutangulia, Allah awarehemu, ya kuwa katika mji wa Wasiti, zama hizo mji umekaa pande mbili za mto, aliishi mshona matandiko ya ngamia akiitwa Nadhiri bin Sabiti. Alikuwa mcha Mungu kweli, si wa kujionyesha. Swala zake alizisali msikitini, na hakumpunja mteja hata uzi mmoja. Lakini alikuwa na deni. Moto ulipoiunguza karakana yake, mfanyabiashara wa ngozi wa ng'ambo ya pili, jina lake Ghassani, waliyejuana naye sokoni tu, alimkopesha dinari sitini bila ya riba wala rehani. Akamwambia, "Ukipata utanipa, ndugu yangu. Mwenye dhiki hungojewa."

Miaka ikapita, Ghassani hakuuliza. Nadhiri naye akawa kila akiwa na haja ng'ambo ya pili humtuma mtu. Msimcheke, ndugu zangu. Nani kati yetu hajawahi kuzunguka msikiti mzima ili asikutane na anayemdai? Mwishowe akajituliza moyo kwamba Ghassani ni tajiri, na kwa tajiri dinari sitini ni mavumbi tu.

Sasa, Nadhiri alikuwa na binti mmoja, Lubaba, aliyeolewa na mshona nguo mwenye tabia njema na mfuko mtupu. Tangu waoane walihama chumba hiki kwenda kile kama paka na watoto wake. Safari hii mwenye nyumba aliwataka watoke, na Lubaba ana mimba ya siku zake za mwisho. Nadhiri alimkuta binti yake amepiga magoti anafunga mizigo, tumbo limemlemea, jasho linamtiririka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alirudi nyumbani moyo umemvunjika.

Kulikuwa na kibindo cha fedha alichokuwa akikijaza kidogo kidogo, na nia yake ya mwanzo ilikuwa kumlipa Ghassani. Dinari sitini zilipotimia, nia ikageuka. Akamwambia mkewe, "Deni halina haraka. Mtoto ndiye mwenye haraka."

Haukupita muda dalali akamletea habari. Ipo nyumba ng'ambo ya pili, yenye kisima na vyumba vya kutosha, mwenyewe anaiuza kwa dinari sitini na thamani yake yapita tisini. Ana shida ya ghafla, naye hataki kutajwa jina mpaka siku ya kuandikiana, kwani ndiyo ilikuwa desturi yao kumsitiri muuzaji. Nadhiri akasema, "Alhamdulillahi, hii ni riziki kutoka kwa Mola!" Nanyi mnajua: mtu akiwa na hamu, kila mlango ulio wazi huuita riziki.

Wakaenda kuitazama, yeye, Lubaba na dalali. Wanaume walibaki barazani, Lubaba akaingia ndani kwa wanawake. Nadhiri akaushikashika mlango, akausifu, akaanza kupanga moyoni mjukuu atalala wapi. Lubaba alikawia. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Vipi, mwanangu? Kisima kina chumvi?"

"Maji matamu, baba. Nyumba ni nzuri. Siitaki."

"Huitaki! Unataka kujifungulia njiani?"

Lubaba akamvuta pembeni, dalali asisikie. "Nimemkuta mama mwenye nyumba anafunga vyombo huku analia. Nimemuuliza kinachowahamisha. Amesema bidhaa za mumewe zimepotea jangwani, na wenye mali wamemkaba koo wanataka dinari sitini. Nikamwambia, 'Kwani yeye hana anaowadai?' Akasema, 'Yupo mmoja, mshona matandiko wa ng'ambo ile. Nimemsihi mume wangu amwendee, ameapa haendi. Anasema alimwahidi kumngoja mpaka apate, na mtu yule ni mcha Mungu, angekuwa nazo angeshazileta.'" Akamtazama baba yake. "Baba, hizo ulizozishika ni za nani?"

Nadhiri aliona haya, haya ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe. Lakini nafsi, ndugu zangu, haichoki kutetea kesi yake. Ikamnong'oneza: mbona hapa kila mtu atapona? Ghassani ataipata sitini yake vilevile, na mtoto atapata pa kujifungulia. Tofauti iko wapi? Akatazama mlango uliokuwa wazi, akaviona vyombo vimefungwa. Tofauti ilikuwa nyumba.

"Na wewe je, mwanangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi Mola wangu ananijua. Ila sitamlaza mwanangu katika nyumba tuliyomtoa mwenyewe kwa fedha yake mwenyewe."

Nadhiri akamwomba dalali amwite mwenye nyumba. Ghassani alipotoka na kumwona, aliinamisha uso utadhani yeye ndiye mdaiwa. "Nadhiri! Wallahi sikutaka ujue. Ungedhani nakudai."

Nadhiri akamtia kibindo mkononi. "Ni zako. Zilipotimia tu nilipaswa kukuletea, nami nikazifanya zangu. Leo nimekuja kuinunua nyumba yako kwa mali yako. Nisamehe."

Ghassani akajaribu kumrudishia sehemu, kwa ajili ya yule binti. Nadhiri akakataa kabisa. Wakakumbatiana wakilia wote wawili. Dalali naye akasema, "Na ujira wangu mimi?" Hata pale penye machozi, dalali ni dalali.

Nadhiri alirudi na binti yake, akaitoa karakana yake iliyoungana na nyumba, akawapa wakae, yeye akawa anashonea uani juani. Majirani wakamtania, "Mzee, tulisikia unanunua nyumba!" Akavumilia. Lubaba akajifungua mtoto wa kiume humo humo. Babu alipokwisha kumwadhinia mjukuu sikioni, akatazama kuta zile, machozi yakamlenga.

"Nisamehe, mwanangu. Nimemkaribisha mjukuu wangu kwenye harufu ya ngozi."

"Harufu hii itatoka, baba," akasema Lubaba. "Machozi ya yule mama yasingetoka."

Mtaniuliza, je, nyumba waliipata? Waliipata, baada ya miaka, ndogo, ya udongo, kwa jasho la mikono yao. Kumsaidia mtoto ni jambo jema, sikatazi. Lakini dawa ya deni ni kulipa, si kunyamaza. Na anayekudai akinyamaza, usidhani amesahau wala usidhani ameshiba. Huenda amekaa kwake anakudhania kheri, na wewe ndiye unayejua kama anakosea. Allah atulipie madeni yetu, na atujaalie watoto wanaouliza fedha ni ya nani kabla hawajaipokea.