Vibaba Kumi vya Mtoni, Kibaba Kimoja cha Mlimani

Niwape kisa, nisiwape?
Tupe, tumekaa!
Nikianza, mtanikatiza?
Kikinoga, hatupumui!

Basi, zamani watumishi wote wa Mfalme walilipwa mtama juu ya mkeka mmoja, pale uwandani. Pimbi, mlinzi wa mlimani, vibaba vitano. Kiboko, mlinzi wa mtoni, vibaba vitano. Walikula, walicheka, walipulizana makapi usoni.

Pimbi alizikumbuka siku hizo kila alipowaona wanawe wakilamba kibaba kitupu. Maana Kiboko alipofanywa mkuu wa ghala, aliukunja mkeka akatoa waraka: "Mshahara utafuata kituo. Mtoni maisha ni ghali: vibaba kumi. Mlimani majani ni ya bure: kibaba kimoja."

Siku moja kabla ya malipo, Pimbi akashuka, tipu, tipu, tipu, mpaka mtoni.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Kushukuru! Majani ya kule yametushinda. Mabichi, matamu, bure kama ulivyoandika. Watoto wamevimbiwa."

Kiboko akaacha kutafuna. "Bure kabisa?"

"Si wewe uliyeandika?"

Kweli, ni yeye. Na maandishi yake mwenyewe angeyatiliaje shaka?

"Nishikie zamu," akasema.

"Hata mwezi mzima, Bwana Mkubwa."

Kiboko akapanda, tindi, tindi, tindi. Akafika juu: mawe. Akageuka: mawe. Akang'ata kijani kimoja, nacho kikamng'ata. Jua likampasua ngozi, pwaa! Giza likamkuta hukohuko.

Asubuhi Kanga, karani wa ghala, akafika mtoni na gunia. "Nani yuko kituo cha mtoni?"

"Mimi," akasema Pimbi.

Kanga akasoma waraka, akapima. Chwaa! Mara kumi, si tisa. Kisha akapanda mlimani.

"Nani yuko kituo cha mlimani?"

"Mimi," akakoroma Kiboko.

Chwaa! Mara moja.

"We Kanga! Hunijui? Mimi ni Kiboko!"

"Waraka umesema kituo, mzee. Haukusema Kiboko."

"Sasa nitakula nini?"

"Si kuna majani?"

Kiboko akateremka kwa makalio, puru, puru, puru, mpaka mtoni. "Toka kituoni kwangu!"

"Chako ni kile cha mlimani, karani kesha kuandika," akasema Pimbi. "Ila tukilipwa sawasawa, nani atagombea kituo?"

Kiboko akatazama maji. Akatazama mlima. Akaenda kuutandaza mkeka.

Vitano kwa vitano tena. Mtama ulinukia vilevile, lakini ncha ya mkeka, kwa kukunjwa siku zote hizo, haikulala. Na Kiboko alikula bila kucheka. Pimbi akashika makapi kiganjani, akangoja apuliziwe kama zamani. Wapi! Akapuliza yeye, fuu!

Kiboko akakunja uso. Kisha akapiga chafya, mtama wa wote ukatawanyika, wakaanza kuokota pamoja, hakuna ajuaye upi wa nani.

Funzo? Mtumishi mwema hakai ila kituo alichopangiwa, na waraka ukija, hushukuru tu. Kama Pimbi.

Kisa changu nimekitua. Aliyekipenda akibebe, asiyekipenda anirudishie kizima.