Ndovu Aliyelifafanua Shairi la Mgunga

Mpo?

Tupo!

Masikio?

Wazi!

Midomo?

Imefungwa!

Na aliyetulisha leo?

Asifiwe!

Basi hapo kale, katika bonde la mawe na mchanga, ulikuwako mgunga mmoja. Mwambani, karibu na shina lake, aliishi Bi Pimbi na wanawe saba. Pimbi mnamjua: kimo cha sungura, mkia hana. Kiangazi, miti mingine ikikauka kama kuni, mgunga ule ulikuwa kijani, ukidondosha maganda matamu yaliyojikunja kama ganda la chungwa juani. Po! Po! Po! Bi Pimbi akiokota la kwanza husema, "Ahsante, Mola." Na wanawe huitikia, "Na mti pia!"

Siku moja ya kiangazi ardhi ikatetemeka. Ndi! Ndi! Ndi! Akatokea Ndovu, mgeni kutoka ng'ambo ya milima. Akautikisa mgunga, tikisa-tikisa, akala maganda yote yaliyoanguka, akajamba, akasema, "Kuanzia leo mti huu ni wangu."

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema Bi Pimbi.

"Marahaba. Nani anaongea?"

"Ni mimi, hapa chini. Nina watoto saba, bwana. Hatuna chakula kingine kiangazi. Ukiuchukua mti, nitawazika."

"Mungu alikunyima hata mkia, leo unataka mti?"

Wanyama wakakusanyika. Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, akasema, "Mti huu una shairi lake, tumeliimba tangu enzi za mababu. Lisikilizeni, kisha mgawane misimu." Akaimba:

*Masika wakichipua,*
*mimi nguo nazivua;*
*kiangazi wakivua,*
*ndipo mimi nachanua.*

*Mwenye njaa nijilie,*
*kivulini utulie;*
*mwenzio mbakishie,*
*na Mola umsifie.*

Bi Pimbi alilijua shairi lile tangu tumboni mwa mama yake. Lakini akajikuna kichwa, kuna-kuna, akasema, "Bwana mkubwa, sisi wengine hatukusoma. Hebu tufafanulie."

Ndovu akatanua masikio. Kusifiwa usomi! Akakohoa.

"Hilo ni fumbo. Washairi hawasemi wazi, wakisema wazi watakula nini? 'Masika nguo nazivua,' maana yake masika mti huu hunenepa kwa majani mpaka nguo hazimwingii! Haya mnayoyaona kiangazi ni makombo tu. Kama makombo ndiyo haya, masika itakuwaje?"

"Loo!" akasema Bi Pimbi, na papo hapo akaanza kulia. "Basi, bwana, naomba masika iwe yangu! Masika tu! Kiangazi chukua wewe!"

"Unaniona mjinga?" akanguruma Ndovu. "Masika yangu! Kiangazi na ukavu wake, lamba wewe! Naapa mbele yenu wote: nikivunja neno hili, pembe zangu zing'oke."

Bi Pimbi akalia zaidi. Na ndani ya kilio kile kulikuwa na kicheko, Mungu amsamehe.

Mvua za kwanza zikanyesha. Kila mti ukachipua. Ndovu akaja, ndi! ndi! ndi! Akautikisa mgunga, tikisa-tikisa. Kikaanguka nini? Majani ya manjano.

"Fumbo," akasema Ndovu. "Linakomaa."

Mvua ikazidi. Nyasi zikafika magotini. Ndovu hakwenda kula, aliogopa wezi. Akautikisa mgunga, tikisa-tikisa. Kikaanguka nini? Mwiba, ukamchoma puani.

"Fumbo," akasema Ndovu. "Ni kali."

Masika ikaisha. Mgunga ulikuwa uchi kama mifupa ya samaki. Ndovu naye, mbavu zilihesabika. Akautikisa, tikisa... akachoka. Hakikuanguka kitu.

Nyasi zikakauka, moto ukapita. Ndipo mgunga ukavaa, kijani tupu mpaka ncha, na siku zilipotimia, maganda yakaanza. Po! Po! Po!

"Ahsante, Mola!"

"Na mti pia!"

Ndovu alisimama mbali, anameza mate. Akazitazama pembe zake, akakumbuka kiapo. Akapiga magoti.

"Bi Pimbi, mama yangu. Nisaidie."

Wana wa Pimbi wakacheka. "Mwambie, mama, alikaange fumbo lake ale!" Lakini mama yao akalitema ganda alilokuwa nalo mdomoni.

"Ndovu, nilikudanganya," akasema. "Nililia nipewe kitu nisichokitaka."

"Nami nilifafanua nisichokijua. Hata huko kwetu sikuwahi kusoma."

"Basi liseme shairi lote, ukiruka hata neno, hupati. Lakini usilifafanue!"

Ndovu akalisema, neno kwa neno. Alipofika "mwenzio mbakishie" akauliza taratibu, "Na hapa, mama? Hapa napo si fumbo?"

"Hata kidogo," akasema Bi Pimbi, akasogea pembeni. "Kula."

Ndovu akaokota ganda moja. Hakulitia mdomoni kwanza. Akasema, "Ahsante, Mola."

Na pimbi saba wakaitikia, "Na mti pia!"

Hapo ngano yangu imedondosha ganda lake la mwisho, aliye karibu aokote. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkubwa achague kwanza, ndiyo adabu. Na shairi likisema jambo wazi, msiliamini hata siku moja, lifafanueni. Mimi nililifafanua hivyo hivyo, ndiyo maana darasa la nne nilikaa miaka miwili. Namshukuru Mungu, ugali wa shule ulikuwa mtamu.