Pango la Fisi na Kisima cha Mvuke

Enzi zile wanyama walipokuwa na serikali yao, na mikutano mingi kuliko mvua, ukame uliingia Bonde la Moshi. Mito ikakauka. Mama Ngiri aliwanywesha wanawe matone tu: alitandaza majani juu ya ufa uliotoa mvuke mlangoni pa shimo lake, akangoja yalowe, akayakamua.

Simba akaamuru kichimbwe kisima cha mvuke, upatikane umeme wa kuvuta maji kutoka chini sana. Kazi akamkabidhi Fisi. "Wananchi washirikishwe," akanguruma, maana alipenda neno hilo lilivyomjaa mdomoni.

Mvuke ulitoka mahali pawili tu: kwa Ngiri na kwenye pango la Fisi. Unajua Fisi alichagua wapi.

Siku ya mkutano akagawa mihogo ya kuchoma. Wenye njaa wakajaza vinywa. "Tutachimba kwa Ngiri," akasema haraka. "Anayepinga aseme sasa." Mama Ngiri alikuwa na kipande kizima kooni. Alipokimeza, mkutano ulikuwa umefungwa, na Fisi anatangaza kwamba jamii imeridhia kwa kauli moja.

Mama Ngiri akaenda kwa jirani yake Sungura akilia. "Wanangu watakunywa nini? Nimetoa nyumba yangu kwa muhogo."

"Nyamaza, dada," Sungura akamwambia. "Tuombe mkutano wa pili, na Simba mwenyewe awepo."

Simba akaja. Sungura akamwendea Fisi na paja nono la nyati aliyekufa kwa kiu. "Zawadi ya wananchi, mheshimiwa." Fisi hakuuliza, akalibugia. Hapo Sungura akasimama. "Mfalme, Bwana Fisi kwa uzalendo wake ametoa pango lake lichimbwe badala ya shimo la Ngiri. Anayepinga aseme sasa."

Fisi akatoa macho, akakoroma. Angeweza kulitema lile paja. Lakini lilikuwa nono.

"Kisima kichimbwe kwa Fisi," Simba akasema. Fisi alipomeza na kuanza kulalamika, Simba akamkata. "Neno langu halirudi nyuma. Au unataka kuniaibisha mbele ya watu?"

Mama Ngiri akainuka. "Mfalme, kabla ya kuchimba naomba mkutano mwingine. Na chakula kije mwishoni."

Simba akakubali. Siku hiyo wanyama waliongea hadi sauti zikawakauka. Fisi peke yake ndiye aliyepinga. Wakamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha wakaenda kuchimba kwake.