Sururu ya Springi ya Lori

Sogeeni karibu, na mwenye kutaka kusinzia asinzie sasa, maana nikimaliza nitamtaka kila mmoja wenu anipe hukumu yake.

Juu milimani, huko Upareni, waliishi majirani watatu ambao mashamba yao yalipakana. Mbonea alikuwa mhunzi, na chuma chochote kikiingia motoni alijua kitakuwa nini. Sefania alikuwa mvunja mawe. Akigonga mwamba mara moja, sikio lake lilimwambia ufa ulipo. Wa tatu, Nakiete, alikuwa mjane asiye na ufundi wa mikono, ila alikuwa na jambo moja: hakuweza kutulia. Wengine wakiwa bado wanasikitika, yeye ameshajifunga kanga kiunoni na kutoka.

Mwaka huo mvua moja kubwa iliporomosha genge, kisha mvua zikakata kabisa. Mwamba ukauziba mfereji unaoleta maji kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji. Watu walijaribu kwa majembe, majembe yakapinda. Sururu ya kijiji ilikuwa imevunjika siku nyingi, na barabara ya kwenda mjini nayo ilikuwa imekatika. Wakakata tamaa, wakang'oa mahindi yao yaliyokauka wakawapa mbuzi. Mashamba yaliyobaki ni yale matatu tu, kwa kuwa yako bondeni penye ubaridi.

Nakiete alikwenda shambani, akashika majani yaliyojikunja, akarudi nyumbani, akatoka tena. Alijua chuma kizuri kilipo. Chini ya kona ya barabara, korongoni, lilikuwa lori lililoanguka na mumewe, Eliesikia. Tangu wamzike, hakuwahi hata kupita kwenye kona ile.

"Nikikuletea springi, utanifulia sururu?" alimwuliza Mbonea.

Mbonea alielewa ni springi ipi. "Shemeji, si lazima uende wewe."

"Nani mwingine anakwenda?"

Mbonea akamtolea msumeno wa chuma.

Nakiete akateremka korongoni kwa kushika mizizi, msumeno mgongoni. Upande wa dereva hakuutazama. Alilala chini ya lori, akakata bolti zilizoshikana kwa kutu mpaka viganja vikachubuka, akapanda na bamba moja la springi begani. Alipofika kwa Mbonea hakutaka hata kunywa maji.

Kazi ya Mbonea nayo haikuwa ndogo. Mkaa hakuwa nao. Akabomoa nguzo za zizi lake, miti migumu aliyorithi kwa baba yake, akazichoma mkaa, na mbuzi wakahamia chumbani kwake. Akavukuta moto, akafua, akalikunja bamba, akalitoboa tundu la mpini na kulichonga ncha. Nakiete alikuwa amemsimamia.

"Bado tu?"

"Bado. Nangoja oili chafu ya mashine ya kusaga, nikipoze chuma humo."

"Maji si haya hapa? Tumbukiza tu, Mbonea. Mahindi yanakufa."

Mbonea alikuwa amechoka, macho yamevimba kwa moshi. Akatumbukiza. Chuma kikalia, kikapasuka katikati.

"Ni mimi," akasema Nakiete.

"Koleo nilishika mimi," akajibu Mbonea.

Nakiete akarudi korongoni kukata bamba jingine. Safari hii Mbonea alikipoza chuma kwenye oili, akakipasha tena taratibu mpaka kikawa na rangi ya asali, na Nakiete alisubiri nje akizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ikabaki zamu ya Sefania. Mfereji unapita kwenye ukingo wa genge, mahali pasipo na pa kukanyaga. Akajifunga kamba kiunoni, akaning'inia, akaanza kugonga mwamba na kusikiliza.

"Piga hapo katikati, ndipo pembamba," Nakiete akamwambia toka juu.

"Mama, nikipiga hapo mlima wote unashuka na mimi. Niache nisikie."

Nakiete akafunga mdomo, akawa anang'oa nyasi. Sefania aliupata ufa, akaupiga, akaupiga tena, jua likamzunguka. Mwamba ulipoachia, kipande kilimgonga bega likateguka. Nakiete na Mbonea wakamvuta juu akiuma meno. Nyuma yake maji yakaanza kupita, membamba.

Ndiva ilipopata maji yake, Bi Nambua, mgawa maji, aliwaita wote watatu ukingoni.

"Haya yanatosha shamba moja. Nikiyagawa, udongo utayanywa yasifike mzizini. Na mpaka ndiva ijae tena, mtabaki na mabua. Msiniambie atakayevuna awagawie wenzake. Mavuno ya shamba moja hayalishi nyumba tatu. Desturi mnaijua: aliyeufungua mfereji ndiye hupewa maji ya kwanza. Nani ameufungua?"

"Bila ile springi mngechimba kwa kucha?" akasema Nakiete. "Na mnajua niliitoa wapi."

"Najua, shemeji," akasema Mbonea. "Lakini springi ilikuwa korongoni miaka yote na haikuchimba kitu. Mimi ndiye niliyeifanya sururu, na zizi sina tena."

Sefania, mkono umefungwa kwa kitambaa, alisema polepole, "Sururu ilikuwa imeegemea mlango. Haikwenda gengeni peke yake. Na kwa bega hili, sijui kama mwaka huu nitavunja jiwe jingine."

Nakiete alijifunga upya kanga kiunoni. Alikumbuka chuma kilivyolia majini. Akakumbuka pia lile lori, na alivyorudi humo mara ya pili. Akauzunguka ukingo wa ndiva, akasimama, akauzunguka tena.

Bi Nambua ameinama, mkono uko kwenye kizibo cha ndiva. Mifereji midogo mitatu inaanzia hapo, na kila mmoja unakwenda kwenye shamba lake. Jua linapanda.

Basi semeni ninyi mliosikia: kama mkono ule ungekuwa wako, maji ungeyaelekeza kwa nani?