Fundi Mkekani

Kitu kikiviringika kikaingia mvunguni mwa kitanda, hakichagui mwenyewe. Awe mkubwa au mdogo, mwenye cheo au asiye na mbele wala nyuma, akikitaka ni lazima apige magoti, ainamishe kichwa na kupapasa gizani. Anayeona haya kuchafua magoti atakikosa, hata kama kitanda ni chake na nyumba ni yake. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nayo yaliyomkuta fundi mmoja wa cherehani yanatuonyesha kuwa cha mvunguni si lazima kiwe pete au sindano.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono iliyobarikiwa. Mteja mwenye bega lililopinda akishonewa gauni naye, alitoka dukani amenyooka kama mshumaa. Watu wote walimwita Fundi, wala hakuwa na haja ya jina jingine. Ulikuwa mwezi wa saba sasa tangu aolewe na dereva wa malori, mgane mwenye binti mmoja wa miaka kumi na miwili. Binti huyo aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, kama wino ulioruka kutoka kwenye kalamu.

Kidoti hakuwa mtoto mbaya. Shikamoo alitoa, vyombo aliosha, na akitumwa alikwenda. Ila alimwita mke wa baba yake "Fundi", vile vile wateja walivyomwita, na maneno aliyompa yalikuwa matatu tu: ndiyo, hapana, asante. Fundi alimshonea magauni matatu. Asante. Yakakunjwa, yakawekwa kabatini, yakalala humo kama wagonjwa. Akamnunulia begi la shule. Asante. Kila kitu kilipokelewa kwa mikono miwili, na moyo ukabaki umefungwa kwa komeo la ndani. Fundi hakuomba kuitwa mama. Alijua mama wa mtu ni mmoja, akiondoka kiti chake hakikaliwi. Alichotaka ni mtoto azungumze naye tu. "Nimempa hiki, nimempa kile," alijiuliza kila akikata kitambaa. "Nimekosea wapi?"

Siku moja Kidoti alishinda bahati nasibu ya duka la simu. Zawadi ilikuwa nafasi ya kwenda kujaribu mashine mpya ya gemu kabla haijaanza kuuzwa. Mwaliko ulisema waje wawili, mtoto na mtu mzima wa nyumbani kwao. Mtu mzima huyo alikuwa baba, na kwa wiki mbili Kidoti alihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni. Lakini siku moja kabla, baba alipiga simu. Lori lilikuwa limeharibika njiani, naye hangeweza kufika.

"Mke wangu, nakuomba umpeleke," alisema. "Asikose."

Fundi alikuwa na magauni matatu ya bibi harusi na wasimamizi wake yakisubiri kupindwa. Hata hivyo, asubuhi alifunga duka, akajifuta nyuzi mabegani, wakatoka. Njia nzima Kidoti alitazama nje. Alikuwa na uso wa mtu aliyeahidiwa samaki akapewa miba.

Ukumbi ulikuwa na mapazia meusi, taa za rangi na runinga kubwa kama milango. Mbele ya kila runinga palikuwa na mkeka mwepesi wa plastiki na viti viwili. Watoto walijaa tele kama siafu, kelele zao zikipanda na kushuka. Mlangoni Fundi na Kidoti walifungwa karatasi ya njano mkononi, kisha msimamizi, dada mmoja mchangamfu wa fulana ya kijani, akawapeleka kwenye runinga ya mwisho.

"Mna robo saa," alisema. "Hii gemu ni ya watu wawili. Mnabeba kioo kikubwa, mnakipandisha ngazi mpaka ghorofa ya nne. Mmoja akikimbia, mwingine akichelewa, kioo kinavunjika mnaanza upya. Mama, karibu kiti."

"Mimi nimemsindikiza tu, mwanangu," Fundi alijibu, akikumbatia mkoba. "Mpe mwenzake mwingine."

"Bila wewe haichezeki, mama. Kioo hakibebwi na mtu mmoja."

Basi Fundi akakaa, akapewa rimoti ya kuchezea, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga. Gemu ikaanza. Kwenye runinga walitokea wapagazi wawili, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu, katikati yao kioo kinang'aa. Yule wa bluu, wa Kidoti, akaanza kupanda. Yule mwekundu, wa Fundi, akasimama kama nguzo ya umeme.

"Mbona hatembei?" Fundi alilalamika. "Namkanyagia lakini haendi!"

Kwa kweli alikuwa anakanyaga. Miaka ishirini na mitano ya cherehani ya miguu haisahauliki kwa siku moja. Fundi akitaka kitu kiende, mguu ndio unaotoa amri. Vidole vyake vililala juu ya rimoti, huku mguu wa kulia ukipiga mkeka, pa pa pa, ukitafuta pedali ambayo haikuwepo. Kioo kikaanguka. Kacha!

Nyuma yao kijana mmoja mwenye kofia, aliyekuwa anangoja zamu, akapasuka kwa kicheko. "Mama, hiyo si cherehani! Utatushonea ngazi!"

Waliomzunguka wakacheka. Fundi akahisi masikio yakiwaka moto. Na mtu mwenye cheo akiona haya, hukimbilia cheo chake.

"Kidoti, taratibu!" akasema, kwa sauti ile ile anayowaamrishia wanagenzi wake dukani. "Usivute huko. Nyoosha. Ningoje mimi. Wewe mbona una papara?"

Kacha! Kioo cha pili. Kacha! Cha tatu. Kila kilipovunjika Fundi aliongeza amri, na kila alipoongeza amri mabega ya Kidoti yalipanda juu kidogo. Kilipovunjika cha nne, mtoto aliweka rimoti yake kitini.

"Basi, Fundi," alisema polepole. "Twende nyumbani tu. Una kazi zako."

Hakusema kwa hasira. Lau angesema kwa hasira, Fundi angepata la kujibu. Alisema kama mtu anayefunga duka lisilo na wateja. Moyo wa Fundi ukamwambia kwamba wakitoka nje ya ukumbi ule namna hii, hatapata tena lango jingine la kuingilia. Kusimama ilikuwa rahisi. Angesema, "Haya twende, haya ni mambo ya watoto," na heshima yake ingebaki bila kunyanzi hata moja.

Badala yake alivua viatu. Akashuka kitini, akakaa chini mkekani, miguu kaikunja, mbele ya vijana wote wale.

"Fundi, unafanya nini?" Kidoti alinong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Kazini kwetu anayejifunza hukaa chini. Hata mimi nilikaa chini mwaka mzima naokota pini, ndipo nikapewa kiti. Hapa fundi ni wewe. Mimi sijui kitu. Nifundishe, mwanangu. Nifundishe polepole, maana nimezeeka kichwa."

Kidoti alimtazama. Kwa miezi saba mwanamke huyu alikuwa amempa vitu. Leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa anamwomba kitu. Mtoto akaichukua rimoti tena, akasita, kisha akaanza kama mwalimu mdogo:

"Hiki kijiti cha kushoto ndicho kinachomtembeza. Unakisukuma kidogo tu, hukikamui. Mguu haufanyi kazi hapa. Vidole gumba pekee."

"Na hivi vingine vinane?"

"Vinashikilia tu."

"Ahaa! Kitendawili," Fundi akasema.

Kidoti akaitikia kwa sauti ndogo, "Tega."

"Wawili wanalima, wanane wamekaa kivulini."

"Si ndio hivyo vidole!" Kidoti akajibu, na pembe moja ya mdomo ikamponyoka, ikacheka kabla hajairuhusu.

Walianza upya. Ngazi ya kwanza, ya pili. Wapagazi walipanda kama wazee wawili wanaoshikana mkono. Ghafla ule mguu wa Fundi, mkaidi kama punda, ukaanza tena mambo yake, pa pa pa, na mpagazi mwekundu akayumba.

"Mguu, Fundi! Mguu!"

"Hausikii! Ukemee wewe!"

Kidoti akateleza kutoka kitini, akatua mkekani ubavuni pake, akalikandamiza goti la Fundi kwa kiganja. Mguu ukatulia. Naye hakuondoa mkono wake mpaka ngazi ile ikaisha.

"Moja," alihesabu Kidoti. "Mbili. Pumzika. Sasa pamoja."

"Pamoja, mwalimu."

Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Kijana wa kofia aliacha kucheka, akaanza kuhesabu nao, na wenzake wakamfuata. Ghorofa ya tatu. Walikuwa wamebakiza vidato sita tu kengele ilipolia na runinga ikazimika, kioo kikiwa kizima mikononi mwao. Vijana wakaguna kwa uchungu kana kwamba ni wao waliokuwa wakikibeba. Fundi akatazama runinga nyeusi mdomo wazi, na Kidoti, akimwona vile, akaangua kicheko hadi akalala chali mkekani.

Nje walikaa kwenye ngazi za ukumbi kungojea basi. Fundi alitamani kujaza ukimya, lakini safari hii aliuacha kama ulivyo.

"Mama alikuwa hajui kucheza hata karata," Kidoti akasema ghafla, akitazama vidole vyake vya miguu.

Mama huyo alikuwa hajawahi kutajwa mbele ya Fundi. Fundi alikuwa na maneno mengi ya faraja, ila akayaacha yote, akauliza kama anayejifunza: "Akishindwa alikuwa anafanyaje?"

"Anaziiba! Zile nzuri zote anazikalia. Halafu anashindwa kujizuia, anacheka, tunamkamata."

"Kumbe mwizi!"

"Mwizi kabisa!" Kidoti akacheka, na ndani ya kicheko hicho machozi yakatoka, akaegemeza kichwa kwenye bega la Fundi. Akaendelea kusimulia. Alisimulia jinsi mama alivyoimba vibaya akifua, jinsi alivyoogopa mende, na harufu ya mafuta aliyojipaka. Basi likaja likaondoka. La pili nalo likaja likaondoka. Hakuna aliyeinuka.

Magauni yalishindwa, begi lilishindwa, na amri zilivunja vioo vinne. Alichokitafuta Fundi miezi saba akiwa amesimama alikipata alipokaa chini. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.